Karatasi ya Nyumba ya Saba

Maiti ilikuwa imelala chali katika ua wa Bi Swabaha, kichwa hatua mbili kutoka kwenye birika la maji, miguu ikielekea mlango wa jikoni. Juu yake, kimo cha orofa mbili, ulionekana ukingo wa paa na kipande cha anga jeupe la Machi.

Inspekta Mbodze Kaingu alichuchumaa, akaifunua leso iliyomfunika marehemu uso. Damu ilikuwa imeanza kukauka nyuma ya kichwa. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa na uchafu mweusi, mzito.

"Nani amemgusa?"

"Ni mimi tu," alijibu Bi Swabaha, mwenye nyumba, mjane wa makamo aliyekuwa amesimama akiushika ukuta. "Nalimgusa shingo nikaona mshipa haupigi. Nikamtupia leso, nikapeleka habari kituoni."

"Wamjua?"

"Nani hapa Kibokoni asiyemjua? Ni Mwalimu Tsofa Mung'aro. Sisi ndio tuliomwita."

"Nyinyi akina nani?"

Bi Swabaha akaeleza. Mwaka huo wa tisini na tisa stima ilikuwa ikikatika kila uchao, na bili haikatiki. Nyumba kumi za mtaa zikakubaliana kutafuta njia yao. Huyu ataka sola, yule ataka mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, wa tatu ataka mashine ya upepo kama ya jirani. Watu wakabishana hadi wakanuniana. Ndipo wakamtafuta Tsofa, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi, mtu asiyeuza chochote. Miezi mitatu alipanda mapaa yao, akipima jua na upepo, akisoma mita zao. Jumapili hiyo angewasomea kila nyumba jibu lake.

"Leo alikuja saa ngapi?"

"Saa tisa. Nalimfungulia, akapanda juu kama ada yake. Mimi nikaenda Makadara sokoni. Kurejea saa kumi na moja, ndilo hili."

"Ndani alibaki nani?"

"Hapana mtu. Wapangaji wangu wote wako makazini."

"Na mlango?"

"Nalitia ufunguo. Nikaukuta vilevile."

Mbodze akapanda ngazi pamoja na Konstebo Mutunga. Paa lilikuwa bapa, lenye joto la kupenya soli za viatu. Karibu na tangi la maji palikuwa na kipima-upepo na faili la kahawia, limewekewa jiwe lisipeperuke. Karatasi zilikuwa kumi, zimepangwa kwa nambari za nyumba.

"Ameteleza, afande," Mutunga alisema, akichungulia uani.

"Huenda."

Lakini Mbodze alikuwa akitazama upande wa pili. Paa la jirani liliungana na hili, na kati yake palikuwa na ukuta usiofika hata goti. Ng'ambo yake kilisimama kitu ambacho Mbodze hakuwahi kukiona Mji wa Kale: mlingoti wa chuma, na juu yake mashine yenye mapanga matatu, ikizunguka polepole.

Mwenye mashine alikuwa amesimama chini yake. Mzee Kombe, karani wa bandari aliyestaafu, alivaa kanzu safi iliyopigwa pasi. Aliangalia chini kama watu wanavyofanya msibani.

"Masalkheri, mzee."

"Masalkheri, mwanangu. Msiba mkubwa huu."

"Ulimwona marehemu leo?"

"La. Nalikuwa nimejinyosha. Mke wangu yuko kwa dadake, Mlango wa Papa."

"Hukusikia kishindo?"

"Pangaboi langu lina kelele. Sikusikia kitu."

Mbodze akainua macho juu. "Hii ni yako?"

Uso wa mzee ukabadilika, kama mtu aliyeulizwa kuhusu mwanawe. "Yangu. Ya kwanza mtaa huu. Mwalimu mwenyewe ameipima. Miaka mitano tu itakuwa imerudisha gharama yake yote. Baada ya hapo ni stima ya bure mpaka nife."

"Alikwambia hivyo?"

"Ameandika. Tazama kwenye faili."

* * *

Asubuhi ya Ijumaa daktari alimpokea Mbodze katika chumba cha maiti bila maneno mengi.

"Fuvu limepasuka kwa nyuma. Ameanguka kinyumenyume. Mtu anayeteleza akitembea mara nyingi huangukia mbele au ubavu."

"Alisukumwa?"

"Siwezi kuapa. Ila kifuani ana mchubuko mpya, mpana kama kiganja." Daktari akavuta shuka, akaifunika maiti. "Na hakufa papo hapo. Aliishi nusu saa, pengine dakika arobaini. Sisemi angepona. Nasema angekuwa na nafasi."

"Kwenye kucha kuna nini?"

"Grisi. Ile ya kulainisha vyuma."

Mbodze akaikumbuka sehemu yote ya paa la Bi Swabaha: tangi la plastiki, kamba za kuanikia nguo, sakafu ya zege. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kutiwa grisi.

Kutoka hapo alikwenda Majengo. Mke wa marehemu, Janet, alikuwa ameketi mbele ya cherehani isiyoshona, majirani wamemzunguka. Mbodze aliketi kando yake.

"Mumeo alikuwa na adui, dada?"

"Tsofa? Kama ana adui, basi ni yule mwuza sola wa Makupa. Lewis. Waligombana mwezi uliopita. Alimwambia anamharibia biashara."

"Alimwogopa?"

"Hapana." Janet akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Alikuwa na huzuni, si hofu. Jumatano hakula chakula. Aliniambia, 'Janet, Jumapili nitamvunja mtu mzima moyo mbele za majirani zake. Afadhali kesho niende nikamwambie kwanza, tukiwa wawili.'"

"Alimtaja jina?"

"Hakumtaja. Majibu ya watu aliyaficha kama daktari anavyoficha magonjwa. Hata mimi sikuambiwa."

Mbodze akaandika neno hilo, akapiga mstari chini yake. Hata mkewe hakuambiwa.

* * *

Lewis Mumo alikuwa na duka karibu na barabara ya Makupa, ambako malori hupita mchana kutwa yakitikisa vioo. Ukutani aliegemeza paneli za sola. Sakafuni palijaa betri.

"Mnakuja kunikamata?"

"Nakuja kukuuliza. Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Bandarini, nikitoa mzigo. Niliingia saa saba, nikatoka saa kumi na mbili. Jina langu liko kwenye kitabu cha getini, na sahihi."

Mutunga alitoka kwenda kuthibitisha. Mbodze akavuta kiti.

"Uligombana na Tsofa."

"Nilimpigia kelele, ndiyo. Alimwambia mama mmoja asinunue paneli zangu. Nikamwuliza, wewe Mwalimu unakula wapi? Lakini sikiza, Inspekta." Lewis aliinama, mikono juu ya meza. "Kila aliyeambiwa na Tsofa 'nunua', alikuja hapa na pesa mkononi, habishani bei, wala harudi kulalamika. Watu wangu mwenyewe niliowashawishi ndio wanaorudi kunitukana. Mwisho wa mwezi nikaona yeye ndiye mwuzaji wangu bora, na simlipi."

"Kwa nini wako wanarudi?"

"Betri." Akaipiga moja kwa ncha ya kiatu. "Jua ni bure, upepo ni bure, lakini stima yake lazima ilale mahali. Inalala kwenye betri, na betri inakufa kila miaka mitatu. Mimi mwuzaji huwa... nasahau kulisema hilo. Tsofa hakulisahau hata siku moja. Alikuwa akianza nalo kabla ya salamu."

"Mashine ya Mzee Kombe uliiuza wewe?"

"Mimi? Aliinunua kwenye hoteli moja ya pwani ya kusini, iliyofunga milango watalii walipoadimika. Nilimkataza. Nikamwambia, mzee, pale hotelini upepo unatoka baharini hauna wa kuuzuia. Kwako kuna magorofa kila upande. Akaniambia yeye hesabu amezifanya miaka thelathini na minne, sitamfundisha."

Mutunga alirudi akitweta. Kitabu cha getini kilimwunga mkono Lewis, na walinzi wawili walimkumbuka.

* * *

Alasiri hiyo Mbodze alilifungua faili mezani kwake kituoni, akalisoma kama mtu mwenye haja yake mwenyewe. Na kweli alikuwa nayo. Mamake, kule Kaloleni, alikuwa angali akisomea Biblia kwa kibatari, na Mbodze alikuwa amejiwekea akiba ya paneli moja bila kujua kama anafanya busara au anajifurahisha tu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Bi Swabaha. Mtambo wa kuchemsha maji kwa jua: shilingi elfu thelathini na nane. Wapangaji sita wanaooga maji ya moto. Uniti mia na kumi zitaokolewa kila mwezi, shilingi nane kila uniti. Jibu: utajilipa kwa miaka mitatu na miezi saba. Chini yake, Paneli za sola: elfu sitini na nne. Zitaokoa shilingi elfu moja mia tisa na ishirini kwa mwaka. Kisha mstari uliopigiwa wino mara mbili: Betri, kila miaka mitatu, elfu sita, yaani elfu mbili kwa mwaka. Jibu: hazitajilipa. Stima ikiwa imeshafika mlangoni, paneli ni za kuondoa giza, si za kuokoa pesa.

Mbodze akatabasamu bila kutaka. Akachukua kipande cha karatasi, akafanya hesabu ya Kaloleni kwa mtindo wa marehemu. Paneli ndogo na vifaa vyake, elfu kumi na nne. Mafuta ya taa na mawe ya redio, mia tano kwa mwezi, ambayo hayatanunuliwa tena. Akatoa elfu moja kwa mwaka ya betri. Ikabaki elfu tano. Miaka mitatu haitimii. Mahali pasipofika nyaya, kitu kilekile kilikuwa na jibu jingine kabisa.

Akaendelea. Nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Kila palipotajwa sola au upepo, palikuwa na ule mstari wa betri.

Nyumba ya saba, ya Kombe. Mashine ya upepo, elfu tisini na sita. Uniti mia mbili kwa mwezi, shilingi elfu moja na mia sita. Jibu: miaka mitano.

Akaisoma tena. Hapakuwa na betri.

"Mutunga, kwa Mzee Kombe wanaishi watu wangapi?"

"Yeye na mkewe, afande."

"Wana taa mbili tatu, redio na pangaboi. Nyumba ya Bi Swabaha, na wapangaji wake sita na friji, kwa faili hili inatumia uniti mia mbili na kumi kwa mwezi. Hawa wawili wanazipeleka wapi mia mbili?"

Mutunga akakuna kidevu. Mwandiko ulikuwa uleule, au karibu sana. Tarakimu zilisimama vizuri. Aliyeandika karatasi hiyo alijua kuandika, ila hakujua kwamba Tsofa hasahau betri.

"Na jana," Mbodze alisema taratibu, "mzee alinitajia jibu lililo ndani ya faili. Hata Janet hakuambiwa jibu la mtu. Yeye alilisoma wapi?"

Walirudi Kibokoni jua lingali juu. Kwa ruhusa ya Bi Swabaha walipanda paani, wakauvuka ule ukuta mfupi. Mapanga ya mashine yalikuwa yakizunguka kwa utulivu. Chini ya mlingoti kulikuwa na kisanduku chenye kioo na mshale wa kuonyesha umeme unaoingia kwenye betri. Mbodze aliukodolea macho dakika kumi nzima. Mshale ulilala kwenye sifuri, haukutikisika hata mara moja.

"Kuzunguka kumbe si kuzalisha," Mutunga alinong'ona.

Shina la mlingoti lilikuwa na grisi nzito, nyeusi. Kimo cha kifua, ilikuwa imefutika kwa michirizi minne ya vidole.

Na kutoka chini, ndani ya nyumba, redio ilisikika ikisoma taarifa ya habari.

"Sasa hiyo redio inakula nini?" aliuliza Mbodze.

Mutunga aliishi Majengo, na hapo ndipo alipofaa. Alikuwa anayajua maduka yote ambako watu hupeleka betri kujazwa moto. Duka la tatu, mwenyewe hakusita. "Mzee wa kanzu? Kila Ijumaa huleta mbili, kwenye mkokoteni, ndani ya gunia. Leo pia amekuja. Husema ni za rafiki yake."

* * *

Jumamosi asubuhi Mzee Kombe aliwapokea sebuleni. Mkewe, Bi Mwanamkuu, aliweka kahawa na kuketi kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Mikono hiyo haikuwa na pambo lolote.

"Mzee Kombe," alisema Mbodze, "si lazima useme neno. Utakalolisema litaandikwa na huenda likatolewa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Alhamisi Tsofa alikuwa juu ya paa lako."

"Nimeshakwambia nalikuwa nimelala."

"Grisi ya mlingoti wako ilikuwa kwenye kucha zake. Alama za vidole vyake ziko kwenye chuma."

Mzee akanywa funda la kahawa.

"Karatasi ya nyumba ya saba haina betri, mzee. Mwalimu hakuwahi kuziacha. Na betri zako, za Ijumaa kwa Ijumaa, zinajazwa Majengo."

Alipotaja Majengo, mzee alimtupia mkewe jicho la haraka, la woga. Grisi na karatasi hazikuwa zimemtikisa. Hili lilimtikisa.

Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Andika," alisema. "Kiinua mgongo changu chote kilikwenda pale juu. Hakikutosha. Mwanamkuu akatoa bangili zake sita za dhahabu, za arusi. Nikamwambia, miaka mitano mashine itakuwa imejilipa, nitakununulia nyengine. Nikaisimamisha. Ikazunguka. Taa haikuwaka."

"Ukaanza kupeleka betri Majengo."

"Nalisema ni mpaka upepo ubadilike. Ukabadilika, ikawa vilevile. Miaka thelathini na minne bandarini, Inspekta, hesabu yangu haikurudishwa hata mara moja. Wakubwa wakiona sahihi ya Kombe, hawakagui. Ningesemaje, na ndani ya nyumba yangu?"

"Alhamisi Tsofa alikwambia nini?"

"Alivuka ukuta, akanipa karatasi niisome mwenyewe. Uniti tisa kwa mwezi. Pesa za betri zapita za stima inayopatikana. Kila mwaka unaopita mashine yanidai, hainilipi." Akaigeuza kofia gotini. "Alisema kwa adabu. 'Mzee, mashine ni nzuri, mahali ndipo pabaya. Iuze kwa mtu mwenye uwanda, utapata nusu ya pesa zako.' Nikamwomba aandike miaka mitano. Karatasi moja tu. Akasema, 'Nyumba nne zangoja jibu lako ndipo zinunue kama hiyo. Nikiandika uongo, nimewaibia wanne.'"

"Kisha?"

"Nikamvuta faili. Yeye akajishika kwenye mlingoti. Nikamsukuma kifuani aniwachie. Mkono wake ukateleza. Ule ukuta mfupi ukamkwaza, akapepesuka kinyumenyume mpaka ukingo wa ua wa Swabaha..."

"Ukatazama chini?"

"Nalitazama."

"Alikuwa amekufa?"

Mzee akatikisa kichwa. "Alikuwa akigeuza shingo. Aliita."

"Aliita nani?"

"Mimi. 'Mzee Kombe.' Mara mbili."

"Ukafanya nini?"

Gari lilipita nje, honi yake ikafifia kwenye kichochoro. Bi Mwanamkuu alikuwa amefumba macho.

"Nikaketi," alisema Mzee Kombe, "nikaandika karatasi yangu. Kwa kalamu yake. Nalipomaliza nikavuka, nikaliweka faili chini ya jiwe. Alikuwa haiti tena."

Mutunga aliacha kuandika. Mbodze akauliza swali la mwisho.

"Yote haya, ili majirani wasikucheke?"

"Majirani?" Mzee alionekana kushangaa. "Majirani wacheke watakavyo. Ili huyu asijue." Akamwonyesha mkewe kwa kidole, bila kumtazama. "Alivua bangili zake bila kuniuliza mara mbili."

Bi Mwanamkuu akafumbua macho.

"Najua tangu Ramadhani," alisema.

Mzee akageuka.

"Kila Ijumaa watoka na gunia, warudi na gunia. Nalimwuliza mwenye mkokoteni, akaniambia. Wadhani mimi mtoto, Kombe?"

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa ukipanda kule juu kila alasiri kuitazama ikizunguka, ukishuka umefurahi. Nikasema, bangili ni dhahabu tu, zimekwenda. Nikakuwachia furaha yako." Akajishika kifundo cha mkono. "Laiti ningesema. Laiti ningesema neno moja, yule mwana wa watu angekuwa hai."

Konstebo Mutunga alisimama, akamshika mzee mkono kwa upole, kama anayemsaidia mgonjwa. Mzee hakupinga.

"Ile karatasi ya Mwalimu," Bi Mwanamkuu aliuliza, "uliichoma?"

Akatikisa kichwa. Alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Karani hakuweza kuiharibu hesabu iliyo sahihi. Bi Mwanamkuu aliipokea, akaikunjua, akaisoma kwa utaratibu mpaka mwisho, kisha akampa Mbodze.

"Kesho majirani wakutana kwa Swabaha. Wasomee hii."

"Hiki sasa ni kielelezo cha mahakama, mama. Siwezi kukiachilia."

"Basi niandikie nakala, niwasomee mimi. Kuna nyumba nne pale zangoja."

Mutunga alishuka ngazi na mzee. Mbodze alibaki. Aliitandaza karatasi ya Tsofa juu ya meza ya kahawa, akachomoa ukurasa mtupu kutoka kwenye daftari lake, akaanza kuinakili mstari kwa mstari, Bi Mwanamkuu akiwa amesimama nyuma yake, akihakikisha hakuna tarakimu iliyokosewa.